Upinde wa mtambo wa kuwindia: futi 430 kwa sekunde au mshale mzito? Wajuzi karibuni

#1 Mlengwa
Wakuu, salaam. Nachagua upinde wa mtambo (ule wenye kitako na kifyatuo kama bunduki) wa kuwindia, wanyama wa ukubwa wa swala hadi nguruwe pori. Mezani wamebaki wawili.

Wa kwanza ni wa kapi, vigurudumu kwenye ncha za mikono (yale mabapa mawili ya upinde yanayopinda). Tangazo linasema futi 430 kwa sekunde, ukishategwa upana wake hauzidi sm 20, na winchi imo humo humo kwenye kitako. Wa pili ni rikavu, mikono mitupu bila kapi wala nyaya: futi 330, uzito wa kuvuta pauni 260, upana kama sm 60, unategwa kwa kamba ya mkono. Muuzaji ananisukumia wa kwanza na hoja yake ni moja tu, kasi. Hivi kasi ndiyo kipimo, au kuna kitu nakiruka? Na kimatunzo upi una usumbufu zaidi?

#2 ReliSafi
Unaruka uzito wa mshale. Hiyo 430 imepimwa kwa mshale mwepesi kuliko yote anayoruhusu mtengenezaji. Soma maandishi madogo chini ya tangazo, utaukuta uzito wenyewe umeandikwa kwa greni. Ukiweka mshale wa kuwindia wenye greni 450 pamoja na kigumba (kichwa chenye makali), 430 huioni tena.

Hesabu ya haraka. Mshale wa greni 400 (gramu 26) ukitoka kwa mita 107 kwa sekunde, yaani futi 350, unabeba jouli 148 hivi. Upinde ule ule ukiupa mshale wa greni 500 (gramu 32) utatoka kwa karibu mita 97. Jouli zinabaki pale pale, 150 na kidogo, ila msukumo, yaani uzito mara kasi, umepanda kutoka 2.8 hadi 3.1. Kinachopitisha kigumba ubavu hadi ubavu ni huo msukumo, si namba ya kwenye boksi.

#3 KapiTatu
ReliSafi kaanza na dini yake ya mishale mizito. Msukumo sawa, ila kwanza umpige mnyama pale ulipokusudia. Nimefanya hesabu ya kushuka kwa mshale bila kuingiza upinzani wa hewa, darubini ikiwa sm 6 juu ya reli (njia anayolala mshale) na imepangwa mita 20:

Futi 330: mita 30 unapiga chini sm 12, mita 40 chini sm 33.
Futi 430: mita 30 chini sm 6, mita 40 chini sm 17.

Sasa kosea umbali kwa mita tano tu, uone nani anaumia. Kwa swala, sm 12 ni tofauti ya pafu na hewa tupu chini ya kifua.

#4 Nyikani
KapiTatu, kipima umbali cha leza kipo kwa kazi hiyo. Kisichotibika ni mlio. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 30, mlio wa mikono unamfikia baada ya sekunde 0.09. Mshale wa futi 330 unafika kwenye 0.30, wa futi 430 kwenye 0.23. Kwa hiyo mmoja unampa mnyama 0.21 ya kushtuka, mwingine 0.14. Umechuma sekunde 0.07.

Swala akishtuka kwanza anachuchumaa ndipo aruke. Mwili unaoanguka wenyewe unashuka sm 5 katika sekunde 0.1, na sm 20 katika 0.2. Ndiyo maana mishale mingi hupita juu ya mgongo wa mnyama aliyekuwa kainua masikio. Upinde wa kasi kubwa mara nyingi ndio wenye mlio mkali, hivyo ulichochuma kwenye muda unakirudisha kwenye kelele.

#5 KapiTatu
Nyikani, hapo umemfanya mnyama aanze kuanguka sauti ikigusa sikio. Misuli nayo ina muda wake wa kuitikia. Ukiutoa huo muda kwenye 0.14, kinachobaki ni kidogo sana. Ukiutoa kwenye 0.21, bado kuna nafasi ya kuchuchumaa. Hesabu yako inanitetea mimi.

#6 Nyikani
Inategemea kama ametulia au tayari ana wasiwasi. Aliye na wasiwasi misuli imeshakaza. Huyo kwa mita 30 simpigi kwa upinde wowote, wa kwako wala wa kwangu.

#7 MzeeWaPodo
Vijana mmekimbilia mshale, hamjasema nguvu inatoka wapi. Pauni peke yake hazisemi kitu. Nguvu inayohifadhiwa ni uzito wa kuvuta pamoja na mwendo wa upote (kamba ya upinde), kutoka unapopumzika hadi unaponasa kwenye kifyatuo. Pinde mbili za pauni 185, mmoja una mwendo wa inchi 10 na mwingine inchi 15, si ndugu hata kidogo.

Rikavu uzito wake unapanda taratibu hadi mwisho, kwa hiyo nguvu yake ni kama nusu ya uzito wa mwisho mara mwendo. Wa kapi unapanda haraka halafu unakaa juu karibu safari nzima. Hivyo kwa pauni zile zile na mwendo ule ule, wa kapi unahifadhi zaidi. Ndiyo sababu rikavu wa futi 330 unataka pauni 260 wakati wa kapi unafika hapo kwa pauni chache zaidi.

Zile pinde za chuma za Ulaya za karne ya 15 zilizidi pauni 1000, lakini mwendo wa upote ulikuwa sm 15 hadi 18 tu. Pauni zote hizo, kasi ndogo.

#8 Daftari
Na ndizo zilizopigwa marufuku na Kanisa mwaka 1139 kwa ukatili wake.

#9 MzeeWaPodo
Daftari, 1139 ni karne ya 12, pinde za chuma zilikuja baadaye sana. Na Mtaguso wa Pili wa Laterano ulikataza kuwatumia wapiga mishale wa aina zote mbili, wa upinde wa mtambo na wa upinde wa kawaida, dhidi ya Wakristo. Haukuutenga upinde wa mtambo peke yake.

#10 Daftari
Nimekubali, mzee. Turudi porini.

#11 BibiShabaha
Mlengwa, #1 uliuliza matunzo na hakuna aliyekujibu, wamekaa kuhesabu sekunde.

Rikavu: upote ukikatika au ukichakaa, unavalisha mwingine mwenyewe kwa kamba ndefu ya kusaidia, hapo hapo ulipo. Hakuna cha kulinganisha zaidi ya kuhakikisha upote umekaa katikati. Ubaya wake ni upana. Mikono ikiruka inataka nafasi pande zote mbili, na ndani ya kibanda cha maficho kile cha kitambaa utagonga nguzo. Na ukiitega kwa kamba unainua pauni 130, maana kamba yenye kapi ndogo inakata nusu. Mwenye mgongo mbovu asijidanganye.

Wa kapi: mwembamba, winchi inautega hata mtoto. Lakini upote na nyaya havibadilishwi bila kitanda cha kubana mikono, na kapi mbili zisipozunguka pamoja mshale unatoka umeinama. Chora alama ndogo ya wino kwenye kila kapi pale waya unapoingia, upinde ukiwa mpya. Alama ikihama upande mmoja, nyaya zimerefuka. Peleka kwa fundi kabla hujaanza kuilaumu darubini.

Ukichagua kwenye mkono, usipime uzito wa upinde pekee. Wote wawili watakuwa kilo 3 na kitu. Pima uzito umekaa wapi. Ulenge kwa dakika moja bila kuegemea. Pua ikianza kuzama, huo unataka fimbo ya kuegemea kila mara.

#12 Mlengwa
Asante sana BibiShabaha. Swali la pili: mishale. Nimeona imeandikwa noki bapa, noki ya nusu mwezi, noki ya kubana. Je, nikinunua yoyote yenye urefu sahihi inatosha?

#13 ReliSafi
HAPANA. Hapa ndipo watu wanapoharibu pinde na vidole.

Noki ni kile kitako cha mshale kinachosukumwa na upote. Kila mtengenezaji anatengeneza kifyatuo chake kwa noki ya aina moja au mbili, na ameziandika kwenye kitabu cha maelekezo. Ukiweka nyingine, mambo mawili yanaweza kutokea. Kwanza, kilinzi cha kuzuia kufyatua bila mshale hakiuhisi mshale, na upinde unakataa kufyatuka. Hiyo ni heri. La pili, upote unapita juu au chini ya noki badala ya kuisukuma. Mshale unabaki kwenye reli au unaruka ovyo, na nguvu yote inarudi kwenye mikono. Huko ndiko kufyatua kavu: mikono inapasuka, kapi zinapinda, upote unakatika.

Excalibur, kwa mfano, hutaka noki bapa. Ravin wana noki yao inayobana kwenye upote. Huwezi kubadilishana.

Nusu mwezi ina mwelekeo: ule mfereji lazima ulale sawa na upote. Unyoya wa rangi tofauti unashuka kwenye mfereji wa reli. Kabla hujagundisha noki mpya, ingiza mshale kwenye reli utazame kama mfereji wa noki na unyoya vinakubaliana. Halafu sukuma mshale nyuma hadi ukutane na upote. Nafasi hata ya upana wa kucha haitakiwi.

#14 MzeeWaPodo
Naongezea kwa ReliSafi: urefu na uzito wa chini navyo viko kitabuni. Mshale mfupi kuliko uliopangwa, kigumba chenye ncha pana kinaweza kurudi hadi kukwaruza pua ya reli. Mshale mwepesi kuliko kiwango ni ndugu wa kufyatua kavu, kwa sababu mikono inabaki na nguvu isiyo na pa kwenda.

#15 Mchunguzi
Kabla ya yote, sheria. Uingereza unaweza kumiliki ukiwa na miaka 18, ila kuwinda nao ni marufuku. Ujerumani wanyama wakubwa hawapigwi kwa mishale. Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na Oregon hairuhusu upinde wa mtambo kwenye uwindaji kabisa. Uliza idara ya wanyamapori ya unakowinda kama upinde wa mtambo unahesabiwa upinde, bunduki au kitu cha peke yake, maana vibali vinatofautiana.

#16 FundiMikono
Nimesoma yote, hamjagusa usalama wa mkono wako wa mbele wala utunzaji wa kila siku. Niweke yangu.

Kutega. Mguu mzima ndani ya kikanyagio, si ncha ya kiatu. Kabla ya siku ya kwanza, chora mstari wa wino kwenye upote kila upande wa reli, upinde ukiwa haujategwa. Ukishatega, mistari yote miwili iwe inagusa reli vile vile. Mmoja ukiwa ndani na mwingine nje, tegua urudie. Kuvuta kwa mikono mitupu karibu kila mara kunaleta kosa hili, kwa sababu mkono wenye nguvu unashinda. Kamba au winchi ndiyo dawa.

Mshale hauwekwi kabla ya kutega. Na kutembea na mshale kwenye reli ni mwiko hata kama kizuizi cha usalama kimekaa. Ukipanda mtini, upinde unapanda baadaye kwa kamba, haujategwa, mishale imo kwenye podo.

Kidole gumba kikae chini ya reli. Upote unapita pale juu kwa mita 100 kwa sekunde, na kidole kilichochungulia hakibaki kizima.

Nta. Upote na nyaya zinapakwa nta kila baada ya mapigo kumi hivi, unasugua kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Ile sehemu ya katikati iliyozungushiwa uzi haipakwi nta. Hiyo inataka mafuta ya reli, tone moja kila upande wa reli kila mapigo 50 au kadiri kitabu kinavyosema. Mafuta yakizidi yanaingia kwenye kifyatuo na kukusanya vumbi.

Mikono ya upinde. Chukua pamba, ipitishe polepole kutoka shina hadi ncha, juu, chini na kwenye kingo. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana kibanzi kimeinuka. Jicho halikioni, pamba inakiona. Upinde huo usitegwe tena.

Mishale ya kaboni. Ikunje kidogo karibu na sikio, izungushe robo, ikunje tena, hadi umalize duara. Ukisikia mtatariko, vunja utupe. Usiseme utauwekea kigumba cha mazoezi.

Kuhifadhi: haujategwa, haujaning'inizwa kwa upote, mbali na joto. Buti la gari lililofungwa juani linaua gundi ya mikono na kulainisha nta hadi itiririke.

#17 KapiTatu
FundiMikono, mafuta ya reli kwenye nchi ya vumbi ni msasa wa maji. Vumbi linashika, uzi wa katikati unakwaruzika. Mimi natetea kilainishi kikavu.

#18 FundiMikono
Kilainishi kikavu kinaisha haraka, watu wanasahau, uzi unakauka na kuungua. Futa reli kwa kitambaa kabla ya kila kipindi, tone jipya, umemaliza. Tatizo ni watu wanaoongeza mafuta juu ya uchafu.

#19 BibiShabaha
Angalieni reli zenu kwanza. Reli ya alumini iliyokwaruzika itakula uzi kwa mafuta yoyote. Pitisha ukucha kwenye kingo za mfereji. Ukikwama, hiyo ndiyo kesi yenu.

#20 Mlengwa
Jamani, darubini. Ina mistari mitano na kigurudumu cha namba za futi. Nianzie wapi?

#21 Daftari
Anza mita 10 ili mshale uguse shabaha. Kisha mita 20, tumia mstari wa juu kabisa. Darubini nyingi mlio (tik) mmoja wa kirekebishi, cha juu na chini au cha kulia na kushoto, ni robo ya dakika ya pembe, yaani mm 7 kwa mita 100. Kwa mita 20 ni milimita moja na nusu tu. Kwa hiyo ukipiga sm 10 kulia, ni milio kama 70, si saba. Watu wengi wanazungusha milio mitano, hawaoni mabadiliko, wanasema darubini mbovu.

Mstari wa juu ukikubali mita 20, sogea mita 40, lenga kwa mstari uliopangiwa umbali huo. Ukipiga chini, kigurudumu cha kasi kishushe. Ukipiga juu, kipandishe. Usiguse tena kirekebishi cha juu na chini. Usishangae kigurudumu kikisimama kwenye 370 wakati boksi linasema 430. Ndiyo kasi ya mshale wako halisi.

Kila mshale upewe doa lake kwenye shabaha. Ukipiga mbili doa moja kwa mita 20 utapasua mmoja.

#22 ReliSafi
370 kwenye 430, hiyo hapo #2 niliisema. Naendelea kunywa chai.

#23 PodoTupu
Niingilie na langu, mnisamehe. Rikavu, uti (mwili wa mshale) wa sm 51, greni 430 jumla. Vichwa vya mazoezi, visivyo na wembe, vinakusanyika ndani ya sm 4 kwa mita 30. Nikifunga vigumba vya ncha tatu (wembe tatu) zisizokunjuka, greni 100 kama vya mazoezi, vinakwenda kushoto sm 9 na juu kidogo. Mishale ile ile, siku ile ile, hakuna upepo. Nini?

#24 KapiTatu
Ncha pana mbele ni mabawa. Mshale ukitoka umeinama hata nusu nyuzi, mabawa ya mbele yanauvuta upande kabla manyoya ya nyuma hayajaunyoosha. Dawa ni mbili: manyoya marefu zaidi au yenye mzunguko, na uzito zaidi mbele. Pima sehemu mshale unapojisawazisha juu ya kisu. Kwa uti wa sm 51, nusu ni 25.5. Ukijisawazisha sm 32 kutoka nyuma, toa 25.5, gawa kwa 51, unapata usawa wa mbele wa asilimia 13 hivi. Chini ya 10 utahangaika. Badilisha kiunganishi cha alumini cha mbele, kile kinachoshika kigumba, uweke cha shaba.

Au weka vigumba vya kukunjuka, tatizo linaisha hapo hapo.

#25 MzeeWaPodo
Linaisha kwenye shabaha, linaanza kwenye nguruwe. Kigumba cha kukunjuka kinatumia sehemu ya nguvu kujifungua, na kikigonga bega kwa pembe kinaweza kufunguka upande mmoja. Kwa nguruwe dume mwenye ngozi ngumu begani, ncha zisizokunjuka. PodoTupu usibadilishe silaha kwa sababu ya uvivu wa kutafuta chanzo.

Chanzo chako ni ncha hazijalingana na manyoya. Zungusha kila kigumba hadi ncha tatu zilale sawa na manyoya matatu.

#26 FundiMikono
Mzee, hiyo imani ya ncha na manyoya haina uhusiano. Zikiwa sawa au zikipishana, hewa haijali. Angalia kiunganishi. Mwisho wa uti ukikatwa kwa pembe, kigumba kinakaa kimepinda. Simamisha mshale kwenye ncha ya kigumba juu ya kioo, uzungushe kama pia. Shingo ya kigumba ikitikisika, huo hauendi popote. Sugua mwisho wa uti kwa msasa uliogundishwa kwenye kitu bapa, gundisha upya.

#27 MzeeWaPodo
Imani yako nayo naona ina kioo.

#28 Nyikani
Mimi nasema ni kuinamisha upinde. Nyuzi tano tu za kuinama, kwa mita 40 unapoteza kama sm 6 upande. Weka pima maji ndogo kwenye darubini.

#29 ReliSafi
Hesabu sahihi, mgonjwa siye. Kuinamisha kungevihamisha vichwa vya mazoezi vile vile. Vyake vinakaa katikati.

#30 BibiShabaha
Mistari ya wino ya #16 umeichora, PodoTupu? Upote ukiwa umekaa milimita mbili upande mmoja, mshale unasukumwa kwa mshazari. Kichwa cha mazoezi kinajisahihisha njiani, kigumba kinakumbuka. Kwenye rikavu kagua pia boliti za mikono. Mkono mmoja ukilegea robo mzunguko unasukuma tofauti na mwenzake.

#31 KapiTatu
Au kapi hazizunguki pamoja.

#32 BibiShabaha
Rikavu, KapiTatu. Hana kapi.

#33 KapiTatu
Ndiyo matatizo yake yalipoanzia.

#34 Daftari
Acheni kubahatisha. PodoTupu, andika namba 1 hadi 4 kwenye mishale kwa kalamu. Piga kila mmoja mara tatu na kigumba kile kile, uweke namba kwenye karatasi. Mshale mmoja ukijitenga, tatizo ni mshale. Wote wakihama pamoja, tatizo ni upinde au aina ya kigumba. Shabaha iwe ya povu zito, mfuko wa vitambaa utachanwa. Na vigumba vya kujaribia viwe vile visivyokwenda porini. Ncha iliyopita kwenye povu haina makali tena. Jaribu kwa mpira wa kufungia uliovutwa: ncha nzuri inaukata kwa kuugusa tu.

#35 PodoTupu
Nimefanya. Namba 2 peke yake kushoto sm 14, na kwenye kioo inatikisika, FundiMikono kapata. Namba 1, 3 na 4 kushoto sm 8 hadi 9, zimekusanyika ndani ya sm 5, kwenye kioo zimetulia. Mistari ya wino inagusa reli sawa pande zote. Boliti zimekaza. Usawa wa mbele ni asilimia 11.

#36 ReliSafi
Namba 2 ipasuliwe kiunganishi. Hizo tatu zinakubaliana. Kwa mita 30 mlio mmoja ni mm 2.2, zungusha 41 kwenda kulia, pandisha au shusha kidogo, panga darubini kwa vigumba na usahau vichwa vya mazoezi. Mnyama hapigwi kwa kichwa cha mazoezi.

#37 FundiMikono
Huko ni kufunika donda. Kitu kinachousukuma mshale kushoto bado kipo, na siku ya upepo kitakuwa sm 20.

#38 KapiTatu
Asilimia 11, manyoya madogo. Nilishasema.

#39 Mlengwa
Na mnyama nimpige wapi, na nisubiri muda gani? Niliona mmoja kaandika kufuata hapo hapo.

#40 Nyikani
Aliyeandika asifuatwe. Upande kabisa, au akiwa amegeuka kidogo kukupa mgongo. Wanaotazamana nawe unawaacha. Kwa swala wa Afrika, mapafu na moyo vimekaa mbele na chini kuliko wengi wanavyodhani: panda na mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili. Ukilenga katikati ya tumbo ukidhani ni mapafu, umempoteza.

Tafuta mshale kwanza. Damu nyekundu nyangavu yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa. Damu nyeusi, au majimaji yenye majani na harufu, ni ini au tumbo. Hapo subiri muda wa saa sita au zaidi, na ukimfukuza mapema ataenda kulala mbali usikomjua.

#41 Mlengwa
Asante. Na jioni nikiwa nimetega na sikupiga?

#42 FundiMikono
Mshale mmoja wa zamani wenye kichwa butu, udongo laini usio na mawe, mita chache mbele, fyatua. Usishushe upote kwa kamba isipokuwa kitabu cha upinde wako kimeruhusu waziwazi. Baadhi ya winchi zinaruhusu, nyingi haziruhusu. Usiuache umetegwa usiku kucha.

#43 Daftari
PodoTupu, kabla hujazungusha hiyo milio 41, piga mita 20 na mita 40 pia. Kama ni pembe tu ya kutokea, kosa linakua sawasawa: 9 kwa mita 30, basi 6 kwa mita 20 na 12 kwa mita 40. Ukipata 4 kwa mita 20 na 16 kwa mita 40, kigumba kinaelea hewani na milio yako itakuwa sahihi kwa mita 30 peke yake.

#44 ReliSafi
Hapo sawa. Ila apige na zile tatu tu, namba 2 aiweke nje ya podo.

#45 PodoTupu
Hapa upepo umeshika. Nitaleta namba za mita 20 na 40 ukitulia. MzeeWaPodo, ncha nimezilinganisha na manyoya kwenye namba 4 tu, tuone.

#46 FundiMikono
Utaona hakuna kitu.

#47 MzeeWaPodo
Namba 4. Nimeiandika.